AC inapoza gari likitembea, foleni ikianza inageuka joto: nibadilishe kompresa?

Shikamoo fundi. Mimi naishi Tabata, kazini kwangu ni Posta, natumia Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998 injini ya 5A. Naomba unisaidie mawazo kabla sijatoa hela maana nimeshachanganyikiwa na mafundi, kila mmoja ana lake.

AC ya hili gari ilikuwa nzuri tu. Shida ilianza taratibu, asubuhi barabara ikiwa wazi inapoza mpaka mama analalamika baridi, ila nikifika Buguruni nikikuta foleni yani dakika kumi nyingi, upepo unaendelea kutoka uleule mwingi ila wa vuguvugu, afu na mshale wa temperecha unapanda kidogo unavuka pale katikati unapokaaga siku zote, nikizima AC unarudi chini. Foleni ikiachia nikianza kutembea baridi inarudi yenyewe kama hakuna kilichotokea.

Nikaenda kwa fundi wa AC akaniambia gesi imeisha, akajaza, ikapoza. Baada ya wiki kadhaa ikapungua, nikarudi akajaza tena, ndo yakawa maisha hayo, na hata ikiwa imejazwa leoleo kwenye foleni bado ni joto. Sasaivi ndo haipozi kabisa, nikibonyeza swichi ule mlio wa "ta" uliokuwa unasikika kwenye injini haupo tena, na yale maji yaliyokuwa yanadondoka chini ya gari siyaoni. Fundi kasema kompresa imekufa, nimpe laki tatu na nusu akanitafutie ya used Ilala pamoja na gesi na ufundi. Alitaka aunge waya direct ili ijaribu kushika nikamwambia asubiri kwanza. Fundi mwingine wa jirani kaniambia hiyo gesi ya kawaida ni ghali bure, yeye ana gesi nyingine ya bei chee na inapoza kuliko hiyo.

Kitu kingine nilichoona mwenyewe, pale mbele chini ya kondensa kuna bomba jembamba la aluminiamu, kwenye maungio yake kuna uchafu mweusi kama mafuta yaliyoshika vumbi. Niliufuta na tishu ukatoka, nilivyojaziwa gesi baada ya siku chache pakawa pameloa tena. Sijui kama inahusiana.

Siyo kwamba napenda raha fundi, naishi na mama yangu mzazi ana pumu na ndo mimi nampeleka kliniki, vumbi na moshi wa barabarani vinamkaba kifua, vioo siwezi kufungua na vikifungwa bila AC tunaiva. Nifanye nini?

Mama Ivan, Tabata

Marahaba mwanangu, pole sana na mfikishie mama salamu zangu.

Nianze na la haraka, hiyo laki tatu na nusu usiitoe kwanza. Kwenye yote uliyoandika sijaona dalili hata moja inayosema kompresa imekufa. Ninachokiona mimi ni matatizo mawili tofauti yamepandana, la kwanza ni feni ya kondensa na la pili ni hilo ungio lenye uchafu mweusi, na huyo fundi wako hajagusa hata moja kati ya hayo, amekuwa anajaza gesi tu. Na umefanya vizuri sana kumzuia asiunge waya, ntakwambia kwanini.

Tuanze na gesi maana hapo ndo watu wengi wanaliwa hela. Gesi ya AC haiishi kama petroli. Kompresa inaibana inatoka ya moto, inapita kwenye kondensa pale mbele inapoa inakuwa kimiminika, inapita kwenye draya inayochuja na kunyonya unyevu, inafika kwenye ekspansheni valvu inaachiwa ghafla ndani ya evaporeta nyuma ya dashibodi inakuwa baridi, kisha inarudi kwenye kompresa, mzunguko uleule gesi ileile. Mipira ya hosi na sili zinapitisha kidogo sana kwa miaka na hiyo ni kawaida kwa gari la umri huo, ila gesi inayoisha kwa wiki kadhaa ina mahali inatokea, hakuna maelezo mengine. Anayekujazia bila kutafuta inapotokea anakuuzia gesi ya kwenda hewani. Tena hiyo 134a, yani gesi ya kawaida ya AC ya gari, ikitoka inaongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 ya uzito uleule wa hewa ya ukaa, ni miongoni mwa gesi ambazo mataifa yalikutana Kigali mwaka 2016 yakakubaliana yazipunguze, kwahiyo siyo wewe peke yako unayepata hasara.

Na inapotokea wewe mwenyewe umeshapaona. Mle ndani gesi inazunguka na mafuta ya kompresa, gesi ikipenya kwenye kitundu inatoka na mafuta kidogo, gesi inapotea hewani mafuta yanabaki yanashika vumbi. Ule weusi unaorudi kila ukijaziwa ndo penyewe, au angalau ni pa kwanza kupakagua. Fundi mwenye macho angeanzia hapo kabla hata ya kufungua mtungi. Mara nyingi kwenye maungio kama hayo ni oringi, kile kipira cha duara cha kuzibia, imekauka imekuwa ngumu kama plastiki, ukiitoa unaikuta imekuwa bapa ina nyufa, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na hizo gesi ulizokwisha nunua. Inaweza pia kuwa bomba lenyewe limeliwa au limesuguana na brakti, ndo maana lifunguliwe lioshwe litazamwe.

Sasa kwanini kompresa haishiki. Kwenye Toyota hizi kuna presha swichi kwenye bomba la upande wa presha kubwa, kazi yake ni kuilinda kompresa. Presha ikishuka chini ya kama psi 28 (psi ni kipimo cha presha) swichi inakata umeme wa klachi, kile kinachoiunganisha kompresa na mkanda wa injini na kutoa ule mlio wa "ta", na ikipanda mpaka kama psi 450 inakata pia. Gesi yako imetoka karibu yote, swichi imekata, kompresa imetulia ilivyo, yani inafanya kile ilichotengenezwa kufanya. Ukiunga waya direct unaizungusha kompresa ambayo haina gesi ya kuirudishia mafuta, inazunguka kavu, na hapo ndo itakufa kweli na vipande vya chuma visambae mpaka kwenye kondensa. Hapo ndo hiyo laki tatu na nusu ingekuwa halali.

Kulithibitisha hili ni kazi ndogo. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, fundi afunge geji za presha pande zote mbili, wa presha ndogo na wa presha kubwa. Kwa joto la Dar la nyuzi 30 gari lenye gesi linasoma kama psi 95 pande zote. Likisoma 20 au 10 basi kompresa kutoshika ni haki yake. Ila uwe makini hapa, kusoma 95 hakumaanishi gesi inatosha, kunamaanisha tu kwamba kuna gesi kiasi cha kubakiza kimiminika mle ndani, iwe gramu 200 au 600 geji itasoma vilevile gari likiwa limezimwa. Kama presha ipo na bado haishiki ndo mnahamia kwenye umeme, fyuzi, rilei, swichi yenyewe, koili ya klachi ambayo ukiipima na multimita inatakiwa isome kama ohmu 3 mpaka 5, na uwazi wa sahani ya klachi ambao unatakiwa uwe karibu nusu milimita, ukiwa mkubwa kwa kuchakaa klachi inashika asubuhi ikipata moto inaachia. Kwa gari lako sidhani mtafika huko.

Twende kwenye feni, na hili nataka ulisome taratibu kwa sababu bila hili hata ukiziba kila tundu utarudi palepale. Ulisema kwenye barabara ya wazi inapoza na kwenye foleni ni joto hata siku iliyojazwa gesi, na mshale wa temperecha unapanda AC ikiwa imewashwa. Gari likitembea upepo wa barabarani unaipooza kondensa bure, likisimama anayetakiwa kuupuliza ni feni. Feni ikiwa haizunguki au inazunguka kivivu, gesi inatoka kwenye kondensa bado ya moto, presha inapanda mpaka 300, 350 na kuendelea, ubaridi unakufa, na joto lote la kondensa linaangukia kwenye rejeta iliyo nyuma yake ndo maana mshale unapanda. Na hiyo presha kubwa ndo inaisukuma gesi itoke kwenye ile oringi mbovu kwa nguvu zaidi. Ndo nilichosema yamepandana, kila foleni ya Buguruni inakupunguzia gesi.

Kuikagua feni unaweza kuanza mwenyewe. Fungua boneti, washa gari, bonyeza AC. Corolla nyingi za aina hii zina feni mbili nyuma ya rejeta, ya rejeta na ya kondensa. Kwa kawaida ukiwasha AC ya kondensa inatakiwa ianze, ila kwa sasa gesi haipo na swichi imekata, kwahiyo ikikataa usiihukumu hapohapo, ipewe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka kwa nguvu basi mota ni nzima, tatizo ni rilei, fyuzi au waya. Rilei ni rahisi, unabadilishana na nyingine ya aina ileile kwenye boksi unaona. Isipozunguka gonga mgongo wa mota kidogo kwa kipini cha bisibisi, ikishtuka na kuanza kuzunguka ujue kaboni zimekwisha, kuna mafundi wa mota wanabadilisha kaboni na feni inarudi kazini. Tafadhali vidole, ushungi na kamba za nguo viwe mbali, feni za umeme zinaweza kuwaka zenyewe muda wowote.

Feni ikizunguka bado hujamaliza. Chukua karatasi ya daftari iweke mbele ya kondensa, inatakiwa ivutwe igande pale. Ikisukumwa au ikianguka feni inapuliza kinyume, nimekutana na gari zilizofungwa feni ya used waya zikageuzwa, feni inazunguka kwa kelele nzuri kabisa ila inapambana na upepo wa barabarani. Afu chungulia kati ya kondensa na rejeta, kwenye magari ya zamani kunakuwa na tabaka la vumbi, majani na manyoya limeshikana kama blanketi, mbele unaona pasafi kumbe nyuma pameziba. Paoshwe kwa maji ya kawaida ya bomba kutokea upande wa injini kuja mbele, msitumie mashine ya presha ya kuoshea magari karibu karibu, inalaza vile vipezi vya kondensa na upepo haupiti tena.

Gesi ikisharudi kuna jaribio moja zuri sana. Gari likiwa limesimama, AC inawaka na imeanza kutoa vuguvugu, mwagia kondensa maji taratibu kwa kopo. Baridi ikirudi ndani ya gari ndani ya dakika moja mbili basi ugomvi ni upepo wa kondensa.

Sasa utaratibu wa kazi, na umwambie fundi unataka hivi kabla hajashika spana. Feni kwanza mpaka iwe nzima kabisa. Kisha gesi iliyobaki itolewe, ungio lifunguliwe, oringi mpya ya AC yenyewe ifungwe ikiwa imepakwa mafuta ya kompresa, siyo oringi yoyote tu ya injini, na maungio mengine ya jirani yabadilishwe oringi palepale maana ni za umri mmoja. Draya ibadilishwe kwa sababu mfumo umekaa karibu wazi na hewa ya Dar ina maji mengi, hiyo draya imeshalewa unyevu. Kabla ya gesi wapime kwa naitrojeni psi 150 mpaka 200, wapake povu la sabuni kila ungio, pale kwenye sili ya mbele ya kompresa nyuma ya klachi, kwenye valvu za kujazia gesi ambazo watu wanazisahau sana, kisha geji iachwe hata usiku mzima ionekane kama inashuka. Ikishuka na huku mbele hakuna povu, mshuku evaporeta, wachungulie lile bomba la kutolea maji kama lina mafuta. Fundi asikubali wala wewe usikubali kupima kwa oksijeni ya mtungi wa kuchomelea, oksijeni ya presha ikikutana na mafuta inalipuka.

Baada ya hapo pampu ya vakyumu, siyo dakika tano, nusu saa mpaka dakika 45, geji ishuke mpaka karibu na 30 hasi za inchi za zebaki, pampu izimwe na isubiriwe ionekane kama inarudi. Unyevu ukibaki unaganda kwenye ekspansheni valvu, AC inapoza inakata inapoza inakata na mtu anakuja kulaumu kompresa tena.

Gesi ijazwe kwa mizani. Fungua boneti, kuna stika, imeandikwa Kijapani ila utaona HFC134a na namba ya gramu, ndo kiasi cha gari lako, magari ya ukubwa huo mengi yanakaa kati ya gramu 500 na 700. Wengi wanajaza kwa kuangalia geji na kushika bomba, na gari dogo likizidishiwa gramu 150 tu presha inapanda na foleni inakuwa joto upya. Mafuta ya kompresa yaliyopotea yarudishwe kidogo, kwenye kompresa za Denso za 134a ni ND-OIL 8, siyo yale ya gesi ya zamani ya R12.

Hapo ndo kompresa inapimwa, kwa sababu sasa ina kila kitu inachohitaji. Injini kwenye mizunguko kama 1,500 kwa dakika, milango wazi, feni ya ndani mwisho. Upande wa presha ndogo usome kati ya psi 25 na 40, wa presha kubwa 200 mpaka 250 kwa jua la Dar. Vyote vikiwa chini gesi haitoshi. Vyote juu, gesi imezidi au feni bado. Mdogo ukienda mpaka kwenye vakyumu, ekspansheni au draya imeziba. Ila mdogo ukikaa juu 60 au 70 na mkubwa ukagoma kupanda hata ukikanyaga mafuta, hapo nami ntakubali kompresa imechoka. Mwambie fundi akuoneshe usomaji huo kwa macho yako, akishindwa kukuonesha hajaipima.

Kama namba zote ni nzuri na bado kinachotoka ni vuguvugu, shika mabomba mawili ya hita yanayoingia ukutani nyuma ya injini, kwa tahadhari yana moto. Kuna valvu ya hita inayovutwa na kebo, kebo ikilegea maji ya moto yanapita kwenye hita muda wote na yanapigana na baridi.

Kuhusu ile gesi ya bei chee, hapo nakuomba kama mzazi, usikubali. Mara nyingi hiyo ni gesi ya jamii ya hii ya kupikia. Kupoza inapoza kweli, ndo maana inawavutia watu. Lakini evaporeta ipo ndani ya kabini, na gari lako tayari lina historia ya kuvuja, siku evaporeta ikitoboka gesi inajaa ndani vioo vimefungwa na mama kakaa pembeni yako, cheche moja ya swichi inatosha. Hata hiyo 134a hakikisha mtungi unaeleweka, kuna feki zinazochanganywa na gesi inayokula aluminiamu, mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyojazwa gesi chafu ya namna hiyo yalilipuka na kuua watu bandarini Vietnam na Brazil. Na dawa za kuziba matundu zinazomiminwa ndani ya mfumo zikatae pia, zinaweza kuganda kwenye ekspansheni na kuharibu mpaka vifaa vya fundi atakayekuja baada yake.

Kwa ajili ya kifua cha mama, gari likiwa limefunguliwa hivyo waoshe na evaporeta kwa dawa yake, baada ya miaka yote hiyo ina vumbi na ukungu na vyote vinapulizwa usoni kwake. Na mkiwa foleni weka kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, moshi wa malori hautaingia na AC itafanya kazi nyepesi.

Kwa leo anza na feni na karatasi. Ukishafungiwa geji niandikie namba zote mbili, gari limezimwa na gari linaunguruma, na uniambie yale maji chini ya gari yameanza kudondoka tena au bado.